Vitambaa vya Mama Fartun

Una cheti?

Jibu upesi, kwa sababu kama huna, basi hujui chochote. Hata kama umeifanya kazi hiyo tangu ulipong'oa meno ya utoto, hujui. Ndivyo tulivyokubaliana katika nchi hii: ujuzi haukai kichwani wala mikononi, unakaa kwenye karatasi iliyopigwa muhuri, na karatasi yenyewe inakaa kwenye bahasha ya kaki chini ya godoro. Mimi ninayo moja sasa. Naandika haya ili nimtaje mtu ambaye nusura anyimwe yake.

Nilimjua Fartun Shire darasani. Chuo chetu cha ufundi hapa Isiolo kina kozi ya ugavi na usafirishaji, yaani elimu ya kutoa kitu mahali kilipo na kukifikisha kinapotakiwa, kwa wakati, kikiwa kizima. Viti vya idara hiyo viliagizwa tulipokuwa muhula wa kwanza. Tulipofika wa tatu, vilikuwa bado viko njiani. Tulikalia mabenchi ya kuazima kutoka idara ya useremala, na wenyewe walipoyahitaji waliyafuata bila kubisha hodi. Somo la kufikisha bidhaa kwa wakati tulilisoma tumesimama, madaftari tumeyaegemeza ukutani. Nilipolalamika, mwalimu wetu, Bwana Mureithi, aliniambia nikae chini. Nilimuuliza nikae wapi. Akaendelea na somo.

Mureithi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa tai. Jua la Isiolo linaweza kukaanga yai juu ya boneti ya gari, lakini yeye hakuivua tai yake nyekundu hata siku moja, na alifundisha kwa picha za bandari za mbali, meli zimepangwa kama vitabu na magari ya kuinua mizigo yanapita katikati ya maghala yasiyo na vumbi. Katika darasa letu lote hakuna aliyewahi kugusa gari la kuinua mizigo. Tulijua kuchora sehemu zake zote.

Siku ya kwanza Fartun alipoingia, tulidhani ni mama wa mtu, ameleta karo. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na minane, dera la maua, viatu vya plastiki, na alinukia moshi. Alikuja akakaa karibu nami, akanong'ona, "Wewe unaitwa nani?"

"Sakariye."

"Sakariye, macho yangu haifiki ubaoni. Utakuwa unanisomea. Mimi nitakuwa nakuletea maziwa."

Kwa mkataba huo nilinenepa mwaka mzima.

Huyu mama alikuwa anatoka kazini kila alipoingia darasani. Alizaliwa Bulapesa, mtaa wa hapa hapa Isiolo, mjukuu wa askari wa Kisomali aliyeletwa huku na Waingereza na kuambiwa apumzike. Mzee akapumzika kwa kununua ngamia. Fartun aliachia shule darasa la sita. Alipofiwa na mumewe alianza kutuma maziwa ya ngamia Nairobi, mtaa wa Eastleigh, mtungi mmoja wa njano wa lita ishirini. Wanawake wengine wakamwomba awatumie na yao. Nilipokutana naye alikuwa anashughulikia mitungi sitini na miwili ya wanawake sitini na wawili, kila siku isipokuwa Idi.

Hebu ifuate safari yenyewe. Alfajiri mitungi mitupu inateremshwa kutoka kwenye basi la Nairobi. Wanawake wanaifukiza ndani kwa kijiti chenye moto ili maziwa yasiharibike. Pikipiki zinaichukua mpaka kwenye maboma ya ngamia, Kulamawe na kwingineko, zinarudi nayo imejaa kabla ya adhuhuri, na basi la saa saba linaondoka nayo. Jioni wanunuzi wa Eastleigh wanaimimina, wanaiosha, wanairudisha. Mitungi yote ni ya njano. Yote ni sawa. Na kila mmoja lazima urudi kwa mwenyewe, kwa sababu mchungaji aliye porini hatakamulia maziwa ya ngamia wake kwenye chombo cha boma asilolijua. Kwake huo si ukaidi, ni heshima ya mifugo: hajui kilifukizwa na nani, wala kule kilikotoka kuna ugonjwa gani.

Basi kila mwanamke hufunga kwenye mkono wa mtungi kitambaa kilichochanwa kutoka kwenye dera lake lililochakaa. Mchungaji analijua dera la mama wa boma lake. Mwendesha pikipiki analijua. Mnunuzi wa Eastleigh, ambaye hajawahi kufika Isiolo, anajua kwamba maua ya zambarau ni Hoda na mistari ya kijani ni Sirad. Katika miaka kumi na tisa ulipotea mtungi mmoja tu, na huo ulipotea pamoja na pikipiki, mto ukiwa umejaa.

Hayo yote Fartun aliyafanya bila cheo. Kisha likaja shirika moja la wafadhili, likapenda maziwa ya ngamia, likakiambia chama cha akina mama kwamba litaajiri mratibu wa usafirishaji. Akina mama wakasema tunaye. Shirika likauliza: ana cheti? Ndiyo sababu mwanamke wa miaka arobaini na minane alikuwa anakalia benchi la maseremala. Nafasi ilikuwa inafungwa Ijumaa ya mwisho wa muhula wa tatu, saa sita mchana. Asipofika na karatasi ya kufaulu, aliyebaki kwenye orodha ni mmoja tu: Hanad.

Hanad alikuwa mwenzetu darasani, mtoto wa Hoda yule wa maua ya zambarau. Kijana msafi sana. Viatu vyake viling'aa hata baada ya kuvuka barabara ya vumbi, jambo ambalo mpaka leo sijalielewa. Karo yake ililipwa na mtungi wa mamake, ila yeye mwenyewe bandani, akina mama wanapofukizia mitungi, hakufika, alisema moshi unaingia kwenye shati.

Kazi ya mwisho ilikuwa kila mwanafunzi aandike mpango wa kuboresha usafirishaji wa biashara fulani ya hapa kwetu. Hanad aliandika "Mfumo wa Kisasa wa Utambuzi wa Vyombo": kila mtungi ubandikwe lebo ya karatasi yenye mistari myeusi ya kusomwa na simu. Alipata sabini na nane. Fartun alinisimulia, mimi nikamchapia kwenye simu, kurasa tisa za vitambaa, pikipiki na wachungaji. Alipata thelathini na moja.

Alimfuata mwalimu mezani, nami nikamfuata yeye.

"Mwalimu, hii thelathini na moja ni ya nini?"

"Mama, nimeona neno kitambaa mara kumi na saba. Neno mfumo sijaliona hata mara moja."

"Si kitambaa ndiyo mfumo."

"Kitambaa ni kitambaa. Mfumo unaandikwa, unahifadhiwa, unafuatiliwa."

"Na mchungaji hajui kusoma. Ataandikiwa nini?"

"Atafundishwa, mama. Hiyo ndiyo maendeleo."

"Sawa," Fartun akasema. "Na ngamia atashikilia maziwa mpaka amalize darasa la nane?"

Darasa likacheka. Mureithi akarekebisha tai. Nilimwambia mbele ya wote kwamba amempa mvuvi alama za chini kwa sababu hakuandika neno samaki, akanitoa nje. Kwa hiyo yaliyofuata nilielezwa na Fartun mwenyewe. Mureithi alimwambia zimebaki alama za vitendo, na zinatosha kumvusha. Shirika limeupenda mpango wa Hanad, Jumatano linaujaribu kwa mitungi yote. Hanad ndiye msimamizi. Fartun amsaidie kuutekeleza, na Hanad akitia sahihi kwenye fomu kwamba amesaidiwa, Fartun amepita.

"Kwa hiyo cheti chako kiko kwenye kalamu ya Hanad," nikamwambia.

"Kiko kwa Mungu," akasema. "Lakini ndiyo, kalamu ni ya Hanad."

Jumatano adhuhuri, mitungi ilipokuwa imejaa na basi linangojwa, nilikwenda bandani. Wafadhili walikuwa wametundika bango refu kati ya nguzo mbili. Afisa wao, Ivy, dada mpole kutoka Nairobi, alitoa hotuba kuhusu kuwawezesha wanawake, akiwahutubia wanawake ambao walikuwa wamesomesha nusu ya vijana wa mji kwa maziwa. Mureithi naye akasema machache, kisha machache mengine. Hanad akafungua bahasha ya lebo. Zilikuwa nzuri, nyeupe, zimenyooka kama meno ya tangazo.

"Mwalimu," Fartun akauliza, "hizi karatasi zikioshwa?"

"Gundi yake ni ya kimataifa," Hanad akajibu.

"Sikuuliza gundi imesafiri wapi. Nimeuliza zikioshwa."

"Eedo," Hanad akasema, kwa maana kwetu mama wa rika lile ni shangazi hata kama hamna damu moja, "tafadhali tusaidie tu. Vitambaa vitoke kwanza, vinaharibu picha."

Mkasi akapewa Fartun. Fikiria hilo. Vitambaa alivyovitegemea yeye kwa miaka kumi na tisa, avikate yeye, ili athibitishwe kwamba anaijua kazi. Nilitamani aurushe ule mkasi mtoni. Hakuurusha. Alikata kimoja baada ya kingine, vyote sitini na viwili, na akina mama walimtazama kama mtu anayechinja mbuzi wa jirani.

"Fartun, hata wewe?" mmoja akamwambia.

"Hata mimi, abaayo, dada yangu. Sogeza mkono nisikukate."

Vitambaa vilijazwa kwenye gunia, na kwa ajili ya usafi vikachomwa nyuma ya banda. Mitungi ikabandikwa lebo, ikapigwa picha, ikapakiwa. Basi lilipoondoka Fartun alimpelekea Hanad fomu.

Hanad aliitazama, akamtazama Ivy, akaitazama tena. Alijua kama tulivyojua sisi: akitia sahihi, Ijumaa watakuwa wawili mlangoni, na mmoja wao ana miaka kumi na tisa ya kazi.

"Ngoja mitungi irudi, eedo. Zoezi halijakamilika. Kesho."

"Kesho nitakuwepo," Fartun akasema, akaikunja fomu akaitia ndani ya daftari.

Nilimsindikiza njia nzima nikihubiri. Nilimwambia tuandike barua, tuandamane, tuwaite watu wa redio. Alinisikiliza mpaka tulipofika kwake, kisha akaniuliza kama nimekula.

Asubuhi iliyofuata nilifika bandani saa kumi na mbili na nusu. Basi lilikuwa limeshashusha. Mitungi sitini na miwili ilisimama chini ya lile bango, ya njano, misafi, imesuguliwa kwa maji moto na sabuni kama Eastleigh wanavyofanya siku zote. Kwenye michache, pale lebo ilipokuwa, kulikuwa na utelezi mweupe uliofanana na mkate uliolowa. Kwenye mingine hapakuwa na kitu. Hanad alikuwa anapita katikati yake akiisogezea simu, mmoja mmoja, kama anayepima wagonjwa joto. Simu haikusema lolote.

Akina mama walikuwa wamesimama na vijiti vyao vya kufukizia, moto unazimika. Pikipiki saba zilikuwa zinanguruma.

"Hanad," mamake akaita, "mtungi wangu uko wapi?"

"Hooyo, ngoja kidogo, mfumo unatafuta."

"Nimekuuliza wewe. Sijauliza simu."

Galgalo, mwendesha pikipiki wa njia ya Kulamawe, alipiga honi. "Wenye chuo, jua ikinipata njiani, hiyo maziwa itakuwa ya kunawa miguu. Mnipe mitungi ama mnipe ruhusa nilale."

Mureithi alikuwa amefika, tai imekazwa. Alipendekeza kila mama achukue mtungi wowote kwa leo tu. Galgalo alicheka mpaka akashika tangi. "Nipeleke chombo haina mwenyewe kwa boma? Mwalimu, wewe unataka nipigwe na mzee wa nani?"

Ndipo Fartun akaja, daftari kwapani, amevaa tayari kwa darasa. Akasimama, akaitazama mitungi, akamtazama Hanad. Mji mzima ulikuwa mkononi mwake asubuhi ile. Nilimsogelea nikamnong'oneza, "Usiguse kitu. Mwambie atie sahihi kwanza. Ndiyo nafasi yako."

"Sakariye," akasema, "maziwa haina kesi na mtu."

Akanipa daftari nimshikie, akachuchumaa, akafungua kifuniko cha mtungi wa kwanza, akaingiza pua.

"Huyu ni Hamdia. Anafukiza na mti wa majani ya sindano, tena anazidisha." Hamdia akauchukua. Wa pili aliupindua, akaonyesha alama za meno kwenye mkono. "Hapa ndama aliuma mwaka jana." Mwenyewe akajitokeza akicheka. Wa tatu ulikuwa umezibwa ufa kwa plastiki iliyoyeyushwa. Hata mimi niliuona ule ufa, ila sikuwahi kuuona kama jina la mtu. Akaenda hivyo, ananusa, anapapasa, anaita. Ulipofika mtungi wa ishirini hivi alinusa mara moja tu. "Hoda. Ejersa," yaani mzeituni wa porini, kama Waborana wanavyouita, "na umeunguza kidogo, kama kawaida yako."

"Mimi siunguzi," Hoda akasema, akaukumbatia mtungi.

Mureithi alikuwa ametoa kijitabu. "Mama, hii njia ya kunusa ina jina gani kitaalamu?"

"Inaitwa kunusa, mwalimu."

Akaandika. Naapa aliandika.

Mitungi ilipokwisha kugawanywa, Hoda hakwenda kufukiza wake. Aliubeba mpaka mbele ya mwanawe, akauweka chini, kitako juu.

"Hanad. Huyu mama jana alikusaidia ama hakukusaidia?"

"Hooyo, mambo ya chuo ni ya chuo."

"Mtungi huu ndio umekupeleka hicho chuo. Jana ukaupoteza, leo yeye akaurudisha. Nauliza mara ya mwisho. Alikusaidia?"

Hanad aliangalia viatu vyake. Kwa mara ya kwanza vilikuwa na tope. "Alinisaidia," akasema.

"Basi si uandike."

Nilimpa fomu kutoka ndani ya daftari. Hakuwa na kalamu. Kijana wa mifumo hutembea na simu. Mureithi akatoa yake, ile nyekundu ya kusahihishia. Hanad akapiga magoti, akaweka fomu juu ya kitako cha mtungi wa mamake, akatia sahihi polepole, kama mtu anayejua hasa anachokitia sahihi. Mureithi akaongeza yake chini, na hapo Fartun akawa amefaulu. Fartun aliipokea karatasi, akaipuliza wino ukauke, akanirudishia niishike. Alikuwa na haraka.

Vitambaa vilikuwa majivu. Hamdia ndiye aliyeanza: akashika ncha ya dera alilovaa, jipya la Idi, akaichana. Krrr. Wa pili naye. Kwa muda kidogo banda zima lilisikika hivyo, nguo njema zikichanika, na akina mama wakafunga wakifukiza, mmoja mmoja, Galgalo akipokea na kukaza kamba.

Ukabaki mtungi mmoja. Ulikuwa wa Sirad, ambaye siku hiyo alikuwa bomani kwake, mbali, hana habari ya bango wala ya lebo. Fartun aliutambua kwa kuwa ndio uliobaki. Dera la Sirad halikuwepo la kuchanwa, na mchungaji wake angeona chombo kitupu kisicho na alama. Fartun akasimama, mkasi wa jana mkononi, akatafuta. Macho yake yakaishia shingoni kwa mwalimu.

"Mwalimu, hiyo ina kazi gani?"

Mureithi akaishika. "Hii? Hii ni ya kuvaa."

"Lete."

Sikutegemea. Lakini Mureithi alilegeza fundo, akaivuta ile tai ikapita kichwani, akampa. Haikukatwa. Fartun aliifunga nzima kwenye mkono wa mtungi, akaivuta mara mbili kuhakikisha, akamwambia Galgalo, "Mwambie Sirad ni yake mpaka alete kitambaa. Mchungaji akikataa, mwambie ni Fartun amefunga."

Galgalo aliwasha, akageuza, akaingia barabara ya Kulamawe na mitungi tisa mgongoni. Tai ilipepea nyuma yake, nyekundu, mpaka vumbi likaifunika. Mureithi alibaki katikati ya barabara, kola wazi, akiikodolea macho ile njia.